Bakuli la chai la Kijapani halipendwi kwa dosari zake

Tangu mwaka 2024 dunia imeshikwa na kiu ya matcha, ile chai ya kijani ya Kijapani inayosagwa hadi kuwa laini kama poda. Mahitaji yalipanda kwa kasi, hata wauzaji wakongwe wa Kyoto wakaanza kumwekea kila mnunuzi kikomo cha makopo. Chai hiyo haikusafiri peke yake. Vyombo vyake vimeifuata. Fungua leo duka la mtandaoni linalouza vitu vya chai, utakutana na bakuli lililopigwa picha juu ya ubao mkavu, mdomo umepinda, ubavu umebonyea, na chini yake maneno mengi kuhusu wabi-sabi, ambayo muuzaji ameyafasiri kuwa "uzuri wa kutokamilika". Mengi ya mabakuli hayo yametolewa kwenye kalibu. Ule mbonyeo unaotajwa kuwa alama ya mkono wa mtu umerudiwa katika kila bakuli, mahali palepale, kwa kina kilekile.

Wapo wanaolisifu bakuli hilo kwa ubovu wake, kwamba linatufundisha kujipokea tulivyo. Wapo wanaolishangaa, wakiuliza kwa nini mtu atoe fedha nyingi kununua kitu ambacho fundi wa kawaida angeona haya kukiuza. Pande zote mbili zimekubaliana bila kujua kwamba siri ya bakuli ni kasoro. Naona hapo ndipo zilipopotea pamoja. Bakuli la chai lililofinyangwa kwa mkono Japani limependwa kwa karne nne na zaidi kwa sababu fundi wake alilipatia barabara. Uzito wake umepimwa, mpindo wake umeamuliwa, na umbo lake limetokana na viganja, midomo na upekecho utakaolitumia. Anayelisifu kwa kasoro anamnyang'anya mfinyanzi ustadi wake kisha anamshukuru kwa unyenyekevu ambao hakuuomba.

Tuanze kule Japani yenyewe ilikoanzia. Kwa muda mrefu bakuli la heshima la kunywea chai Japani lilikuwa la Kichina. Watawa wa Kibudha waliokwenda kusoma katika milima ya Tianmu, China, walirudi na mabakuli meusi yaliyochomwa katika mkoa wa Fujian enzi ya utawala wa Song, na Wajapani wakayaita tenmoku, kwa matamshi yao ya jina la milima hiyo. Yana umbo la koni fupi, kitako kidogo, na utando mweusi wa kioo ambao katika yaliyo bora umetapakaa madoa ya fedha kama mafuta juu ya maji. Serikali ya Japani imetangaza mabakuli manane ya chai kuwa Hazina ya Taifa. Matano kati yake ni ya Kichina ya jamii hiyo, moja ni la Korea, na mawili tu yamefinyangwa Japani. Hesabu hiyo peke yake inatosha kumtia shaka anayedhani Wajapani walizaliwa wakipenda vitu vilivyopinda.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana njia ya karibu ya kulielewa hili. Tanuri za Longquan, mkoani Zhejiang, zilizochoma seladoni, kauri yenye utando wa kijani, iliyotamaniwa na mahekalu na wakuu wa Japani, ndizo zilizochoma seladoni ambayo vigae vyake vimefukuliwa Kilwa na Gedi. Wazee wetu walipachika mabakuli na sahani za Kichina kwenye kuta za misikiti na kwenye makaburi, kama inavyoonekana hadi leo Kunduchi na Mambrui. Huko Japani, bakuli moja la Longquan lilipata ufa. Masimulizi yanasema shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimasa, katika karne ya 15, alilipeleka China akiomba jingine linalofanana nalo. Akajibiwa kwamba la ubora huo halipo tena, akarudishiwa lilelile limeshonwa kwa vibanio vya chuma. Vibanio hivyo vikafananishwa na nzige mkubwa, bakuli likapewa jina la Bakohan, na sasa limo katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Kisa hiki hutolewa kama ushahidi kwamba Wajapani huthamini kilichovunjika. Kisome tena: Yoshimasa alitaka zima. Kilichomfanya alienzi lile lililoshonwa ni habari kwamba hakuna lingine duniani linaloweza kulifikia.

Mageuzi yaliyotuletea bakuli tunalolijua yalipitia kwa mabwana wa chai Murata Juko na Takeno Joo, kisha yakakomaa kwa Sen no Rikyu (1522–1591), mtoto wa mfanyabiashara wa mji wa bandari wa Sakai. Wabi, neno ambalo mizizi yake ni upweke na uhitaji, likawa jina la aina ya chai iliyopunguza kila kitu hadi kinachohitajika. Rikyu alikibana chumba cha chai hadi mikeka miwili, chenye kuta za udongo na mwanga hafifu wa dirisha la karatasi. Ndani ya chumba kama hicho watu hukaa goti kwa goti, na bakuli hupita kutoka mkono hadi mkono. Akamwendea Chojiro, fundi aliyehusishwa na kazi ya vigae vya paa na ambaye baba yake husimuliwa kuwa alitoka China, amfinyangie bakuli la kufaa mahali hapo. Yakatoka mabakuli meusi na mekundu, hayana picha wala pambo. Watu wa wakati ule hawakuyaona kuwa ya kale wala ya kishamba. Waliyaita imayaki, yaani vyombo vya sasa, na daftari moja la hafla za chai la mwaka 1586 linataja bakuli la "umbo la Soeki", Soeki likiwa jina jingine la Rikyu. Kwa hiyo tangu mwanzo lilikuwa na mbunifu anayejulikana, fundi anayejulikana, na chumba lililokusudiwa. Toyotomi Hideyoshi, mtawala ambaye Rikyu alimtumikia kama bwana wa chai na aliyejijengea chumba cha chai cha dhahabu, hakulipenda bakuli jeusi. Rikyu aliendelea nalo.

Ukoo uliotokana na Chojiro unaitwa Raku, bado uko Kyoto, na umefikia kizazi cha 16. Namna wanavyofanya kazi ndiyo jibu bora kwa anayedhani bakuli hizi hutokea kwa bahati. Gurudumu halitumiki. Mfinyanzi anaupiga udongo ukawa bapa la duara, anauweka mbele yake, kisha anaupandisha ukingo wake kidogo kidogo kwa viganja vyote viwili huku akilizungusha, mpaka bapa lisimame likiwa kikombe kinene kisicho na sura bado. Nafasi iliyo ndani ya viganja vyake ndiyo nafasi atakayoikuta mnywaji. Baadaye, udongo ukishakauka kiasi cha kushikilia umbo, anachukua kisu na kuchonga: ndani, nje, mwisho kitako. Kazi iliyo nyingi iko hapa. Kisu kinaamua ukuta ubaki na unene gani chini inakotuama chai ya moto, na upunguzwe kiasi gani kuelekea juu ili bakuli lisilemee mkono linapoinuliwa. Mdomo unapandishwa na kushushwa kwa mawimbi mapole, kama mgongo wa milima ya mbali. Ukiwa hatua tatu kutoka bakuli huyaoni, lakini mdomo wako unayajua mara moja.

Kisha moto. Utando mweusi wa Raku unatokana na mawe ya Mto Kamo, unaopita Kyoto, yaliyosagwa na kupakwa tabaka juu ya tabaka. Tanuri ni dogo, la makaa, linapulizwa kwa mivukuto, na bakuli jeusi huchomwa moja moja. Utando ukishayeyuka fundi analichomoa kwa koleo likiwa linawaka, likapoa hewani ghafla. Alama ya koleo hubaki ubavuni. Mtu anayeiita alama hiyo dosari ajiulize kama angeiita hivyo alama ya nyundo kwenye jembe la mhunzi. (Ile mbinu ya kulitumbukiza bakuli la moto kwenye maranda ya mbao ili moshi ulipake rangi, ambayo wengi mtandaoni huiita Raku, ilianzishwa na Wamarekani kuanzia miaka ya 1960, Paul Soldner akiwa mbele yao. Ina uzuri wake, ila haikutoka kwa Chojiro.)

Matokeo ya mfululizo huo ni chombo chenye vijitundu vya hewa ndani ya ukuta wake, kisichopitisha joto haraka. Kauri nyembamba ingekuchoma viganja. Bakuli la tenmoku lilihitaji kibao chake cha kuwekea. Bakuli la Raku unalikumbatia, na joto linakufikia polepole, likiwa limepungua makali. Niliwahi kulihisi jambo hili, ingawa kwa bakuli la Hagi, mji wa wafinyanzi magharibi mwa Japani, nyumbani kwa bibi mmoja wa Kijapani aliyeishi Nairobi miaka mingi. Nililishika kama kikombe, kwa vidole ukingoni. Akanisahihisha bila maneno, akiuweka mkono wangu wa kushoto chini ya kitako na wa kulia ubavuni, na mara bakuli likawa jepesi. Kitako hakikupakwa utando. Udongo mtupu ulikwaruza kidole changu cha kati kama ukuta wa nyumba ya kijijini. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa na rangi ya asali, mwingine bado mweupe kama maziwa. Bakuli za Hagi huvuja kidogo kupitia mitandao ya nyufa za utando wake, chai inapenya, na rangi inabadilika mwaka hadi mwaka; Wajapani husema Hagi ina mageuzi saba. Ile asali ilikuwa midomo yake, miaka yote aliyonywea pale.

Chombo cha kukorogea chai hii ni upekecho wa mwanzi uitwao chasen, kipande kimoja cha mwanzi kilichopasuliwa kwa mkono kuwa njiti nyingi nyembamba, na nyingi ya zile zinazotengenezwa Japani zinatoka Takayama, mkoani Nara. Njiti hizo ni dhaifu. Zikikwangua sakafu yenye matuta zinavunjika ncha; zikikuta kona kali kati ya ukuta na sakafu, unga wa chai unajificha humo na kuganda madonge. Hivyo ndani ya bakuli zuri, upande ambao picha za mtandaoni haziuonyeshi, kuna sakafu iliyopinda kwa ulaini, eneo pana la kutosha kifundo cha mkono kwenda na kurudi, na katikati kijibonde ambamo tone la mwisho la chai hukusanyika. Kila sehemu ina jina lake katika lugha ya watu wa chai. Bakuli la kiangazi hupanuliwa na kufanywa la kina kifupi ili chai ipoe. La baridi kali huinuliwa kama mtungi mdogo ili joto lisitoroke. Rafiki yangu aliagiza bakuli lililoandikwa wabi-sabi kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Nje lilikuwa limekunjwakunjwa kwa mvuto mkubwa. Ndani, zile kunjo zilijitokeza kama mbavu. Upekecho wake haukumaliza wiki mbili.

Sasa zile hoja za upande wa pili, na nianze na iliyo nzito. Yanagi Soetsu (1889–1961), mwanafikra aliyeanzisha vuguvugu la sanaa ya watu wa kawaida, alikwenda mwaka 1931 katika hekalu dogo la Kohoan, ndani ya hekalu kubwa la Daitokuji, Kyoto, kuliona bakuli linaloitwa Kizaemon. Ni la Korea, la karne ya 16, lenye rangi ya tunda la biwa lililoiva, kitako kirefu chenye utando ulioganda matone kama ngozi ya papa, na viraka vya matengenezo mdomoni. Limepitia mikono ya matajiri na mabwana wakubwa, akiwemo Matsudaira Fumai wa Matsue. Yanagi alilitoa kwenye sanduku lililo ndani ya sanduku, akaona chombo cha kawaida kabisa, na kwake huo ndio ukawa ushindi: bakuli bora kuliko yote ya chai lilifinyangwa na maskini asiye na jina, bila nia ya kutengeneza kitu kizuri, la kulia chakula. Kama ndivyo, hoja yangu kuhusu uamuzi na kipimo inaanguka.

Hoja hii naiheshimu, na sehemu yake ni kweli. Ipo hali ya mkono kuacha kujionyesha ambayo mfinyanzi wa kutafuta sifa haifikii kamwe, na Kizaemon linayo. Lakini Yanagi alichanganya mambo mawili: kutokusudia umaarufu na kutokuwa na ustadi. Mtu aliyezungusha mabakuli mengi kwa siku juu ya gurudumu hana haja ya kufikiria kila mkunjo, kwa sababu fikra zimeshahamia vidoleni. Huyo ndiye stadi kuliko wote. Zaidi ya hapo, wanazuoni wa baadaye wametilia shaka kwamba mabakuli ya aina hiyo yalikuwa ya kulia chakula jikoni. Wapo wanaoona yalitengenezwa kwa ajili ya ibada, au kwa agizo. Na hata tukikubali simulizi ya Yanagi yote, bado tunabaki na jicho la Kijapani lililochagua. Korea ilifinyanga mabakuli mengi mno. Watu wa chai waliokota machache yaliyokaa sawasawa mkononi, yenye sakafu ya kupekechea na kitako cha kushika, wakayaacha mengine. Kuchagua kwa ukali namna hiyo ni kinyume cha kupokea chochote kilichopinda.

Kuna jambo jingine ambalo simulizi ya unyenyekevu hulifunika, nami siwezi kuliruka. Hideyoshi aliivamia Korea kati ya 1592 na 1598, na mabwana wa Kijapani waliorudi kutoka vita hiyo walirudi na wafinyanzi. Hagi ilianzishwa na ndugu wawili wa Kikorea chini ya ukoo wa Mori. Agano, Takatori na Satsuma, vituo vingine vya ufinyanzi, zina historia ya aina hiyohiyo, na Karatsu ilipanuka kwa mikono hiyo. Wajapani husema "Raku ya kwanza, Hagi ya pili, Karatsu ya tatu" wanapopanga mabakuli ya chai. Mbili kati ya hizo tatu zimejengwa juu ya jasho la watu waliovushwa bahari wakati wa vita. Hakuna bwana wa vita anayehangaika kuhamisha mafundi pamoja na jamaa zao kwa sababu ya chombo ambacho mtu yeyote angeweza kukikosea vizuri. Walitekwa kwa sababu walijua kitu. Kuwaita waliotekwa kwa ujuzi wao kuwa mafundi wa bahati nasibu ni kuwakosea mara ya pili.

Hoja nyingine nzito ni ya fedha na hadhi. Inasema kwamba thamani ya bakuli haiko kwenye bakuli. Iko kwenye jina lililopewa, kwenye sanduku la mbao lililoandikwa na bwana wa shule ya chai, na kwenye orodha ya waliolimiliki. Katika karne ya 16 vyombo vya chai vilitolewa kama tuzo kwa makamanda, na mbabe wa vita Oda Nobunaga alivikusanya vilivyo mashuhuri kwa fedha na kwa nguvu. Hii yote ni kweli, na mpaka leo maandishi ya mtu mwenye cheo juu ya kifuniko cha sanduku hupandisha bei ya bakuli lisilostahili. Nakubali kwamba soko la chai limejaa heshima za kununuliwa. Ila jina na sanduku vina kazi nyingine pia. Bakuli la Hon'ami Koetsu (1558–1637) linaloitwa Fujisan, Mlima Fuji, mojawapo ya yale mawili ya Kijapani yaliyo Hazina ya Taifa, ni jeupe juu na limeungua likawa na rangi ya majivu chini. Mtu aliliangalia kwa muda mrefu hadi akauona mlima wenye theluji. Kulipa chombo jina ni ahadi ya kukitazama tena, na chombo kinachotazamwa tena na tena kwa miaka mia nne huonyesha upesi kama hakina kitu.

Kuhusu mpindo wenyewe, nitakuwa mkweli: kulikuwa na wakati ulipendwa waziwazi. Furuta Oribe, mwanafunzi wa Rikyu aliyekufa mwaka 1615, alitumia mabakuli yaliyokunjwa hadi kufanana na kiatu. Mfanyabiashara Kamiya Sotan aliliona moja mwaka 1599 akaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba limepinda na ni la kuchekesha. Anayetetea nadharia ya dosari ana haki ya kumtaja Oribe. Lakini mabakuli hayo yalizungushwa kwanza yakiwa duara kwenye gurudumu, kisha yakakunjwa kwa makusudi, tena yakabaki na nafasi ya upekecho kupita. Fundi asiyeweza kutengeneza duara hawezi kulivunja duara namna hiyo.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayotamba zaidi siku hizi: kwamba ikiwa mpindo ndio uzuri, basi mashine inaweza kupinda vilevile, tena kwa bei ambayo kila mtu anaimudu, na anayebisha ni mtu wa majivuno tu. Kuhusu bei sina ugomvi. Bakuli la kalibu lenye sakafu laini linapekecha chai vizuri, na mwanafunzi asiye na fedha hapaswi kuona aibu kulitumia. Mabakuli mengi ya mazoezi Japani kwenyewe ni ya kiwandani. Kosa liko kwenye neno "vilevile". Udongo wa majimaji unapomiminwa kwenye kalibu, unashika ukuta kwa unene unaokaribia kulingana kila mahali. Umbo la nje linanakiliwa. Mgawanyo wa uzito, ambao kisu cha Raku hutumia muda mrefu kuuamua, haunakiliki. Matokeo unayahisi unapoliinua: macho yanaambiwa ni zito chini, mkono unakuta sivyo.

Pia nadharia hiyo inashindwa na ushahidi uliolala ardhini. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mabakuli meupe ya Shino, ambayo moja lake, Unohanagaki, ndilo lile jingine la Hazina ya Taifa, yalichomwa katika mji wa Seto. Mwaka 1930 mfinyanzi Arakawa Toyozo aliliona Nagoya bakuli la Shino lenye picha ya machipukizi ya mwanzi. Akaligeuza. Kwenye kitako kulikuwa kumegandia punje ya udongo mwekundu, ambao haukulingana na udongo mweupe wa Seto. Akaenda milimani Mino, mahali paitwapo Mutabora, akachimba kwenye tanuri la zamani na kupata kigae chenye machipukizi yaleyale. Historia ya ufinyanzi wa Kijapani iliandikwa upya kwa sababu mtu alijua kusoma kitako. Lakini fikiria pia kile kigae kilikuwa kikifanya nini pale. Kando ya tanuri za kale za Mino kuna malundo ya vipande: vilivyopasuka, vilivyoshikana, vilivyozama motoni vikapinda vibaya. Wafinyanzi wa karne ya 16, wanaosifiwa leo kwa kupenda kutokamilika, waliyatupa hayo yote.

Vivyo hivyo na kintsugi, ufundi wa kuunga vipande kwa utomvu wa mti wa urushi na kupaka unga wa dhahabu juu ya mshono, ambao siku hizi hutolewa kama dawa ya moyo uliovunjika. Sina neno na anayepata faraja humo. Ila urushi huwasha ngozi vibaya, hukauka tu penye unyevu, na kazi moja yaweza kuchukua wiki au miezi. Hakuna anayelipia kazi hiyo kwa bakuli ambalo halikuwa zuri kabla ya kuanguka.

Kwa nini nikazanie haya? Kwa sababu maneno ya soko yana matokeo kwenye tanuri. Mnunuzi akishaamini kwamba anachonunua ni kasoro, hana sababu ya kumlipa aliyetumia miaka kumi kujifunza kuiepuka. Wimbi hili la matcha lingeweza kuwa neema kwa wafinyanzi wa Hagi, Mino na Kyoto, na kwa wachonga chasen wa Takayama. Fedha nyingi zinaishia kwenye kalibu kwa kuwa kalibu inauza hadithi ileile kwa bei nafuu. Muuzaji aseme wazi kama bakuli ni la kalibu, la gurudumu au la mkono, na udongo wake umetoka wapi. Mnunuzi alitazame ndani kabla ya nje, kisha aligeuze aone kitako, kwa sababu hapo ndipo kisu cha fundi kilipopita mara ya mwisho na hakuna utando wa kukificha. Kisha alishike kwa mikono miwili, kama dukani wanamruhusu.

Na jambo hili haliishii Japani. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu la fundi, vikasafirishwa kwa mitumbwi hadi sokoni Lyulilo, na ukiweka kimoja mbele yako utatafuta mpindo bila kuuona. Wageni huvisifu kwa "uasili" wake. Mama anayevifinyanga ameupima ukuta kwa kidole gumba tangu akiwa msichana, na anajua chungu kipi kitapasuka jikoni kabla hakijaingia motoni. Ukimwambia unakipenda kwa sababu hakijakamilika, atakitazama tena atafute alipokosea.

Ukoo wa Raku huweka akiba ya udongo kwa ajili ya watakaozaliwa. Mfinyanzi wa leo anakata bapa lake kutoka kwenye udongo uliochimbwa na kulazwa na waliomtangulia, waliojua kwamba hawatauona ukiwa bakuli, na yeye huweka mwingine chini ya paa hilohilo. Asubuhi ya kuchoma anavuta mivukuto, anahesabu kwa rangi ya moto, na likitoka lisivyopaswa, halipewi jina wala sanduku.